Mgeni wa Gauni la Manjano

Tangu juzi mshonaji alikuwa akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Aliyewasha moto huo ni mama mkwe, ambaye maradhi ya kusahau yalikuwa yakimfutia siku moja baada ya nyingine. Mshonaji alirudi kutoka kazini akamkuta ameketi kitako, uso mkavu, akamwambia: "Alikuja mgeni. Alikaa hapo na mwanangu, wakacheka."

Sasa nguo za mume zilikuwa zimekwisha kukunjwa sandukuni.

"Mama, mwambie mwanao mwenyewe. Mgeni alivaa nini?"

"Gauni la manjano, mikono mifupi, marinda kiunoni," alijibu yule bibi mzee bila kusita.

"Umesikia? Au na marinda kayaota?"

Mume, kinyozi asiyependa makelele, alikuna kidevu. "Mama hakumbuki chai aliyokunywa sasa hivi, mke wangu. Aliyeanza kutaja gauni ni yeye au wewe?"

Mshonaji alirudisha mawazo nyuma. Bibi alikuwa amesema "mgeni" tu, neno lisilobagua mume wala mke. Gauni alikuwa amelizua yeye mshonaji. Tena alikuwa amelipangia maswali yote, kama anavyomhoji mteja akiwa na utepe wa kupimia shingoni: manjano au bluu? Mikono mirefu au mifupi? Tutie marinda? Bibi alikuwa amechagua tu, kwa adabu zake zote.

Akajaribu. "Na ile ngazi aliyokuja nayo mgeni, mama, aliiegemeza wapi?"

"Ukutani pale! Ikavunja kioo, nikamfokea hadi akaona aibu."

Kioo kilikuwa pale pale, kizima, bila hata ufa. Wala bibi hakuwa akidanganya. Hasira ya kuvunjiwa kioo ilikuwa bado ikimtetemesha midomo.

"Basi yameisha," alisema mshonaji kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mume wangu. Ni maradhi yake."

"Yake yana daktari. Yako je?"

Mume alivuta kiti, akaketi karibu na mama yake, akamshika mkono kwa upole uliomtia mkewe baridi.

"Mama, mimi nikiwa kazini, yule mwanamume anayekuja kumtembelea mkweo huyu, ana ndevu au hana?"

"Mama, usimjibu!" alipiga kelele mshonaji.

Bibi aliinua macho darini, akafikiri. Kisha uso ukamchangamka.