Shangazi Mlangoni pa Jokofu

Mtafiti alikuwa amebakiza siku ile moja tu. Jioni Profesa angekuja kutazama. Asipoona mawimbi ya jaribio kwenye skrini, jokofu kubwa la maabara lingepewa kundi jingine, na jasho lake lote lingekwenda na maji.

Ndani ya jokofu, kwenye baridi isiyosemeka, kulikuwa na saketi ndogo kuliko punje ya chumvi. Umeme ulitakiwa kupita humo kwa zamu, jozi moja moja ya elektroni, na kila zamu kuinua wimbi kwenye skrini. Ili makelele ya nje yasiifikie, alikuwa ameiwekea pande zote nyaya zenye ukinzani mkubwa, ziwe walinzi. Walinzi gani hao! Skrini ilionyesha vurugu tupu.

Shangazi yake, aliyekuja kumtembelea akachoka kukaa peke yake nyumbani, alikuwa koridoni.

"Kinakusumbua nini, mwanangu?"

"Simu za wapita njia, shangazi. Ikilia moja tu, kazi imeharibika."

"Ndilo hilo?" Akaburuta kiti mpaka mlangoni pa maabara, kikapu mapajani. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumshinda shangazi huyu kwa ubishi. Hata daktari wa meno alisalimu amri. Kila aliyepita aliambiwa azime simu, aitie kikapuni. Skrini ikaanza kutulia, na mawimbi yakainuka.

Mara ikasikika sauti ya Profesa. "Mama, mimi ndiye mkuu wa maabara hii."

"Na mimi ndiye shangazi. Zima simu."

Mtafiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Profesa akaitia simu kikapuni, akaingia kanuna, akainamia skrini. Mawimbi yalikuwa yanapita kwa adabu. Kabla hajasema neno, yakavurugika.

"Kumbe ilikuwa bahati tu," Profesa akasema.

Nje, Shangazi alikuwa anaongea kwenye simu iliyoita kikapuni. "Haloo? Mumeo yuko kazini. Kanidanganya kwamba kaizima." Akakata. Mawimbi yakarudi.

Profesa akaitazama skrini, akautazama mlango. "Shangazi," akaita taratibu, "hebu mpigie mke wangu."

Akapiga, mawimbi yakapotea. Akakata, yakarudi. Wakarudia mpaka mke wa Profesa akauliza kama kuna mtu kachanganyikiwa huko.

"Jokofu ni lako," Profesa akamwambia Mtafiti, aliyekuwa analia waziwazi kwa furaha. "Sasa naomba simu yangu."

"Aombe radhi kwanza," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Profesa akavua miwani, akatoka kwenda kuomba radhi.