Bega Si Lipu

Tangu mke wangu afariki, mkono wangu wa kulia ulikataa kupanda juu ya sikio. Sikuanguka wala sikupigwa. Msiba ulipokwisha bega likaanza kukaza, likakaza, mpaka kuvaa shati ikawa kazi ya watu wawili. Kwa karani hilo ni jambo dogo. Mimi ni fundi lipu, na kazi yangu ni dari. Fundi wa dari asiyeinua mkono ni kama kinyozi kipofu.

Msimamizi wetu, kijana anayehama na kiti chake cha plastiki kutoka kivuli hadi kivuli, alinishusha jukwaani akaniweka nichekeche mchanga.

"Pumzika kidogo, mzee," akasema.

Wakubwa wakikuambia pumzika, ujue wameshampata wa kukaa mahali pako. Akaongeza kwamba dari ya ukumbi wa shule itaanza mvua zikikatika. Mkono ukifunguka nitapanda, usipofunguka nibaki na chekeche. Nikala chakula changu bila kukisikia ladha. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na kazi nyingine sina.

Shemeji, mdogo wa marehemu, anafua mashuka hospitali. Yeye ndiye aliyeniambia kuna mwalimu anawafundisha wagonjwa yoga kwenye chumba cha nyuma, na daktari wa zahanati ya mtaani aliyesema bega langu limeganda amekubali niende, mradi nisiache dawa.

"Nikajikunje kama nyoka, umri huu?"

"Nyoka anajikunja bila kusaidiwa, shemeji. Wewe hata shati huvai peke yako."

"Usinichoshe."

"Dada kaniachia mzigo mimi. Inuka! Au nikubebe mgongoni watu waone?"

Hospitali ile nilikuwa nimeapa nisiikanyage tena. Mke wangu alilazwa humo koridoni, sakafuni, eti vitanda vimejaa, wakati ofisini kwa mganga mkuu kuna kochi la mtu kunyoosha miguu. Mimi nililiona kwa macho yangu. Kwa hiyo nilipoingia kile chumba nikakuta mikeka imepangwa chini, sikujizuia.

"Walitunyima vitanda, sasa wanatugawia mikeka!"

Polisi mmoja mstaafu, mgonjwa wa kiuno, tuliyemwita Afande, aliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, soksi zake moja nyekundu, moja ya kijivu. Akanisogelea.

"Nani alinyimwa, baba?"

"Mke wangu."

"Pole sana. Basi wewe usilale chini. Utafanya kwenye kiti."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikakosa wa kugombana naye.

Tulianza na kupumua tu. Nikajiuliza, nimetoka nyumbani kuja kufundishwa kupumua? Kisha akaniambia niweke vidole ukutani nivitembeze kwenda juu taratibu, niishie pale bega linaponiambia basi. Vidole vilipofika usawa wa kidevu akaniuliza, "Pumzi iko wapi?"

Nikajikuta nimeibana, meno yameumana.

"Ndivyo tunavyofanya sisi," nikamweleza. "Ukiinua mwiko kwenye dari unafunga mdomo na pumzi, maana kinachodondoka kinadondokea usoni."

"Na ukishuka, unaiachia?"

Nikavirudisha vidole chini, nikaanza tena.

Kosa nililofanya baadaye lilitokana na kazi hiyohiyo. Lipu haikungoji. Ukishaibandika, uisawazishe ingali mbichi. Ikikauka na kasoro zake, utaivunja kwa nyundo. Nami nikaona bega linaanza kulegea kidogo, nikasema hapohapo, lisije likakauka. Nyumbani nikafungua mlango, nikaunyanyua mkono mbovu kwa ule mzima mpaka ukashika kizingiti cha juu, nikajining'iniza kwa uzito wangu wote. Nilichokiona si nyota, ni kundi zima la vimulimuli. Kesho yake mkono haukufika hata kifuani.

Nilipomsimulia mwalimu, Afande alidakia kutoka kwenye mkeka wake, "Mtuhumiwa amekiri!"

Mwalimu alikunja uso, kisha akacheka mpaka akaketi.

"Baba, nani alikuambia uharakishe?"

"Ikikauka je?"

"Bega si lipu. Hili ukilivuta linajifunga, linadhani limevamiwa. Libembeleze."

Akanirudisha kwa daktari kwanza atazame kama kuna kilichochanika. Hakikuchanika kitu. Tukaanza upya. Alinipa mkanda wa kitambaa niushike kwa mikono yote miwili, ule mzima uuvute mgonjwa, juu wakati wa kutoa pumzi, chini wakati wa kuivuta. Polepole kiasi cha kumkera mtu. Wiki zikapita, na mimi nikaanza kuvaa shati peke yangu. Shemeji alilalamika kwamba amefukuzwa kazi bila notisi.

Kila mwisho wa somo wenzangu walijinyoosha chali wakafumba macho. Mimi nilibaki kitini nikitazama ukuta, na hakuna aliyenisukuma. Siku moja, sijui kwa nini, nilishuka. Nikalala palepale sakafuni, blanketi lililokunjwa chini ya bega. Nikaona kile alichokuwa akikiona mke wangu siku zake za mwisho: dari. Dari ya hospitali ile, imepigwa ovyo, mawimbi matupu. Miaka yote alinitania kwamba nikiingia nyumba ya watu siwasalimu, nakagua dari. Hapana shaka naye pale aliikagua. Hapana shaka alisema, mume wangu asingepiga hivi.

Machozi yakaniteremkia masikioni. Mwalimu alinisogezea kitambaa, akaendelea kuwahesabia wenzangu pumzi zao kwa sauti ileile. Nililia bila kubana chochote. Nilipoinuka, Afande aliangalia dirishani kwa adabu kubwa, akasema leo vumbi limezidi.

Mganga mkuu sijamsamehe. Kochi lile bado lipo. Ila hasira nilikuwa nimeihifadhi begani, na haikuwa ikimuumiza yeye.

Mvua zilipokatika nilikwenda ukumbini. Msimamizi alinitazama nikipanda jukwaa, amekunja mikono.

"Taratibu, mzee. Ukishindwa sema."

Nikachota udongo wa lipu, nikatoa pumzi, nikainua. Mkono ulipita kidevu, ukapita—

"Umepita sikio!" kijana wa watu akapayuka, kabla sijasema mwenyewe.

Haukunyooka wote, pembeni ulivuta, lakini mwiko ukagusa dari na udongo ukashika. Nikapiga wa pili. Ukashika. Nilikwenda polepole kuliko zamani, na udongo ulipotaka kukauka nikachukua sehemu ndogo zaidi.

"Ndoo imeisha," nikasema. "Nani ananipa?"

Vibarua wote walikuwa nje wakipakua saruji. Msimamizi alitazama huku na huku, akaacha kiti chake, akainua mwenyewe ndoo nyingine iliyojaa. Alisimama chini yangu ameishikilia juu kwa mikono miwili, meno yameumana. Bonge la udongo likamwangukia kwenye shati jeupe.

"Pumua, mwanangu," nikamwambia. "Kwa pua."

Akapumua. Nami nikachota, nikarudi darini.