Madirisha Mawili, Ukuta Mmoja

Usingizi unanikuta asubuhi kwenye benchi la zahanati ya gereza, jua likiwa limefika kwenye goti langu la kushoto na bado halijafika la kulia. Najua nimelala kwa sababu mifupa imeacha kuuma ghafla, na arosto ya kukosa unga wa kulevya haimwachi mtu aliye macho. Mlango wa zahanati unafunguka, na ndani hakuna zahanati, kuna barabara. Kabla ya kifungo nilikuwa mpima ardhi, kwa hiyo naitazama kwanza. Songoro, ninayelala naye mkeka mmoja, bado ananiita Mpima; leo aliponiona natetemeka aliniuliza kama napima tetemeko la ardhi. Sauti inayokaa nyuma ya sikio langu tangu nikiwa chuoni nayo huniita Mpima, lakini yenyewe haitanii. Imeniambia leo nisinywe chochote, kikombe kina sumu. Sista Skolastika ameniambia kwamba leo, kwa mara ya kwanza, nitapewa dawa ya kuacha unga pamoja na vidonge vya kutuliza sauti, nikikataa nafasi anapewa mwingine. Kati ya wawili hao najua nani amesomea dawa. Kujua hakujanisaidia.

Naingia. Kando yangu anatembea mwongozaji aliyevaa sare isiyo na cheo, na mahali pa uso wake pana ngozi tupu, laini kama ya kiganja. Namwuliza barabara inakwenda wapi. Anasema, Inakwenda kwa aliyekwisha kufika. Namwambia hilo si jibu. Anasema, Wala wewe si swali. Tunatembea, na barabara inarefuka nyuma yetu badala ya mbele, mpaka tunaingia katika mji ambao kila nyumba imejengwa mara mbili, kushoto na kulia, kama karatasi iliyokunjwa wino ukiwa mbichi. Wa kushoto wananiita teja, wa kulia wananiita kichaa, na wote wananisalimia kwa adabu. Mwisho wa mtaa wa kushoto pana dirisha. Aliye ndani, naye hana uso, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, Tuliza sauti kwanza, halafu urudi tukutibu unga. Nafuata mtaa wa kulia mpaka dirisha lake, na wa huko anasema, Acha unga kwanza, ndipo tujue sauti ni zako au ni za unga. Narudi kushoto. Narudi kulia. Njiani mimi ninayekwenda napishana na mimi ninayerudi, na hatusalimiani. Madirisha haya nayafahamu. Nimeyazunguka uraiani miaka mingi, na katikati ya mzunguko huo ndipo nilipokamatwa. Namwuliza mwongozaji, Dirisha la tatu liko wapi? Anasema, Liko pale utakapokuwa mtu mmoja.

Nasimama. Barabara inayobadilika haipimiki, basi naiacha, napima ukuta. Naupapasa kutoka dirisha la kushoto, bila kuondoa kiganja, na kabla sijachoka kidole changu kinagusa fremu ya dirisha la kulia. Ukuta ni mmoja, na chumba cha nyuma yake ni kimoja. Ni mitaa tu iliyozungushwa hadi madirisha yakaonekana kuwa mbali. Nanyoosha mikono, naingiza mmoja huku na mwingine kule, na ndani mtu mmoja anaishika yote miwili. Mwongozaji anasema, Toa mmoja, Mpima, utaumia. Ni sauti ile ya nyuma ya sikio. Siku zote nimeisikia, leo ndiyo nimeona kwamba haina uso.

Kaka Ambilikile, umesinzia, amka unywe dawa. Ni Sista Skolastika. Mifupa inauma tena. Nyuma yangu kwenye foleni Songoro anasema, Mpima, ukiogopa nipe mimi, na afande mlangoni anamwambia afunge mdomo. Nakunywa kikombe, ni chungu. Nameza vidonge, nashushia maji. Sasa sharti niseme kitu, ndivyo wanavyohakikisha kwamba hakuna kilichobaki mdomoni. Sema jina lako, kaka. Sauti inasema, Nyamaza, bado hujaamka. Huenda ni kweli. Jua liko kwenye goti la kushoto, na la kulia bado halijalifikia, kama nilivyoliacha, na sina kipimo cha kulikanusha hilo. Nasema jina langu na la baba yangu, polepole, hadi mwisho. Vizuri, anasema Sista, na kesho hivyohivyo. Ananiambia ninyooshe mikono aone inavyotetemeka, nainyoosha, anaishika yote miwili. Ni mshiko uleule. Nageuza kichwa kuutafuta ukuta.