Uji wa Mtani

Tangu Mwinyihaji azikwe, Mwanaima hakuwa ametoa chozi. Wanawake wa Majoreni waliojaa matangani walimtazama kwa jicho la pembeni, naye alishindwa hata kujisingizia kilio. Miaka ya kumgeuza mume kitandani, kumwosha na kumlisha ilikuwa imemkausha. Alichotaka ni usingizi tu, na usingizi nao ulimkataa.

Siku ya pili akaingia Twaiba, mtani wake kutoka Kikoneni. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu, kofia yake imemshuka hadi machoni, mkongojo wake mkononi. Akakohoa kile kikohozi cha Mwinyihaji, kirefu, chenye mluzi mwishoni.

"Mwanaima! Uji huu hauna sukari! Waniua kwa uchoyo?"

Mabibi wakaangua kicheko. Abdulbasit, mwanawe Mwanaima, anayefanya kazi hotelini Diani, alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Akaliweka chini kwa kishindo.

"Wewe mama, huna haya? Huu ni wakati wa utani? Vua nguo za babangu, utoke!"

Kicheko kikakatika. Twaiba akavua kofia, akaenda zake uani, akaketi kwenye kigoda.

Maskini, kijana hakujua. Kwao hotelini utani ni maneno ya kuchekeshea wageni, basi. Mwanaima akajiinua mkekani, magoti yakimlia.

"Unalolisema wewe ni mzaha, mwanangu. Mzaha una wakati wake. Utani, wakati wake ndio huu. Wazee wetu na wa kwao walipigania kisima, hata pande zote mbili zikakosa nguvu za kuzika wafu wao. Basi wakazikiana. Ndipo wakaapa: kuanzia leo tutatupiana maneno tupendavyo, tutazikana, na mtani hakasirikiwi. Utani umetoka huko. Ukimfukuza huyu, mimi atanizika nani?"

Abdulbasit akainamisha kichwa. "Niwie radhi, mama."

 Mwanaima akamimina uji kikombeni, akampelekea Twaiba uani.

"Haya, kunywa, ufe mara ya pili."

Twaiba akacheka, akairudisha kofia kichwani. Mwanaima akaketi chini kando yake. Lilikuwapo neno ambalo kwa imamu asingeweza kulisema, wala kwa mwanawe asingethubutu.

"Twaiba, nilimwombea afe. Wala si mara moja. Nilikuwa nimechoka, mwenzangu. Nimechoka mpaka sasa."

Twaiba hakushtuka, wala hakumwambia astaghafiru. Alikunywa funda moja la uji, akakohoa kile kikohozi kirefu, kisha akasema taratibu kwa sauti ya Mwinyihaji:

"Nilikuwa nakusikia, mke wangu. Na mimi nikiitikia amina."

Mwanaima akajifunika leso usoni, akalia.