Mwimbaji: Panagos

Baba yangu hakuwahi kuimba. Akimsikia Mama anaimba jikoni, hata kama ni wimbo wa kuchumia zeituni, alipiga meza kwa kiganja na Mama alinyamaza. Mahali pamoja tu alishindwa kumziba mdomo, napo ni msibani. Huku kwetu Mani, kusini mwa Ugiriki, kuomboleza ni kazi ya wanawake, na hakuna mwanamume anayethubutu kuingilia.

Ndiyo maana Jumamosi ile, kwenye maktaba ya mji, nilipoona kilichoandikwa kwenye skrini, damu ilinichemka. Maombolezo. Mwimbaji: Panagos. Na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika ilikuwa ya mama yangu, Garifalia, aliyeketi pembeni yangu na kitambaa chake cheusi, mbele ya majirani aliowaalika mwenyewe waje kumsikiliza.

Panagos ni baba. Ndiye marehemu aliyekuwa akililiwa.

Nilimfuata Lykurgos, mkutubi, mezani kwake.

"Umefanya nini wewe?"

"Dada Diamanto, taratibu, watu wanasikia."

"Wasikie! Si wamekuja kusikia?"

Akaeleza. Programu mpya ya maktaba husoma jina la faili na kujaza lebo yenyewe: kilicho kabla ya kistari ni wimbo, kilicho baada yake ni mwimbaji. Mimi ndiye niliyerekodi maombolezo haya na kuyaweka hapa maktabani, tangu enzi za kanda, na mafaili niliyapa majina tunayoyaita siku zote: Maombolezo, kistari, jina la marehemu. Kwetu ombolezo ni la aliyekufa. Aliyeimba haulizwi, kwa sababu kijiji kizima kilikuwepo.

"Lakini ndani ya kila faili nilijaza jina la Mama! Kwa mikono yangu, moja moja!"

"Programu iliuliza kama ifute lebo za zamani. Nikakubali. Za watu wengine zilikuwa vurugu tupu."

"Yaani umesikia mwanamke analia, ukaacha iandikwe mwanamume?"

"Sikusikiliza, dada. Ni mengi mno."

Hapo ndipo hasira ilinishika hasa. Mashine haina masikio, sawa. Yeye anayo, tena makubwa! Nyuma yangu skrini ikaendelea: Mwimbaji: Stratis. Mwimbaji: Anargyros. Wanaume waliolala makaburini wamegawiwa sauti ya mama yangu, na yeye aliyewalilia mpaka koo likakauka hayumo popote.

"Kaa hapo urekebishe. Sasa hivi."

Alikaa. Jina la Garifalia likaanza kurudi, faili baada ya faili. Mama alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yetu. Lykurgos alipofika kwenye faili la baba, Mama akamshika bega.

"Hilo acha."

"Mama, hilo ndilo baya kuliko yote!"

"Nimesema aliache. Unajua nilivyomsifu humo? Mkarimu. Nguzo ya nyumba. Mpole. Mpole, Diamanto! Nilisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Maisha yote kanifunga mdomo, nikamzika kwa heshima, na leo kaja kuchukua na sauti. Futa."

"Bibi, nabadilisha jina tu, ni kitu cha dakika..."

"Sisemi habari ya jina mimi. Futa faili lote."

Lykurgos alinitazama. Alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba kwetu hakuna aibu kubwa kuliko mtu kulala kaburini bila kuliliwa.

"Hakuna nakala nyingine," alisema. "Kanda yenyewe ilishaharibika."

"Basi vizuri," Mama akasema.

Lykurgos akaondoa mkono kwenye kipanya, akasimama. Hakutaka awe yeye wa kufuta. Nikaketi kwenye kiti chake. Alikuwa baba yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile hasira yangu ilikuwa imempata anayestahili. Nikafuta.

Mama akakaza kitambaa chake, akarudi kuketi mbele.

"Haya, kijana," akamwambia Lykurgos, "weka linalofuata. Na sauti uiongeze."