Ndoo ya Mlangoni

...hii hapa, mwanangu, nimekuchagulia yenye kifuniko laini, mzee mtunza stoo amesema, bisibisi mkononi, kiganja kingine juu ya ndoo ya rangi iliyo karibu na mlango, anangoja tu aambiwe haya aifungue, na yeye, Madam Cheti, ndivyo walivyombandika jina ofisini tangu aanze majaribio ya ukaguzi, amesimama kama mtu aliyeamshwa usingizini, harufu ya rangi imempanda kichwani tamu tamu, mwanga unashuka kupitia bati la plastiki na ndoo zote, safu juu ya safu hadi kule nyuma gizani, zinaonekana kuelea... nimekuchagulia, baba naye alisema hivyohivyo, nimekuchagulia masomo ya fedha, binti yangu, ukiwa na cheti hicho milango itajifungua yenyewe, akajibu haya, akapelekwa benki, haya, hata mchumba aliyeletwa na shangazi alimjibu haya mpaka huyo mchumba akachoka akaenda zake, na sasa cheti kiko kwenye fremu sebuleni kwa baba, wageni wanakisoma wakisubiri chai, ila hapa stoo kingemsaidia nini, kingefunikia ndoo labda, kiongozi wa timu, kijana wa kulingana na mdogo wake wa mwisho, alimwambia garini, fedha umeisoma dada, sikatai, lakini mkaguzi anachagua ndoo mwenyewe, ukichaguliwa umekwisha, nikuone leo ama urudi dirishani kwako benki...

Unaona kizunguzungu, mwanangu? Keti basi... na kweli ameshamfutia kigoda kwa pindo la shati lake, mzee wa watu, mishipa ya mkono wake kama ya baba kabisa, na hilo ndilo linalomuuma, angekuwa mkali ingekuwa rahisi... hapana, cheti kimesaidia, asikidhulumu, ni kile kile kilichomfanya juzi akwame kwenye hesabu, mauzo ya rangi yanashuka, mpya hainunuliwi, ila akiba ya stoo vitabuni inanenepa, ng'ombe gani huyu ananenepa bila majani, akasema twendeni tukaione rangi yenyewe, kiongozi akamtazama, akasema basi utaingia wewe, kwa hiyo kimemfikisha, kimemshika mkono hadi kwenye safu hii, kisha kikamwachia, kama baba alivyomwachia mkono getini siku ya kwanza ya shule, na hakuna ukurasa uliofundisha namna ya kumwambia hapana mtu aliyekufutia kigoda... ya mlangoni ni rangi, anajua, nyeupe pepepe, atatia tiki na jina lake chini, na ile ya juu kule nyuma, yenye vumbi, ikiwa maji matupu je, mzee huyu atakwenda wapi, anaogopa, anaogopa sana, ulimi umeshalikunja lile neno la miaka yote, ha...

Niifungue, mwanangu?

...na ajabu, neno halitoki, limeyeyuka kwenye harufu hii tamu, mahali pake pamekuja jingine, jepesi, sauti yake mwenyewe anaisikia kana kwamba inatoka safu ya nyuma, hapana, mzee wangu, naomba ile ya juu, kule mwisho, nitapanda mwenyewe.

Mzee anatabasamu bado. Mkono wake uko palepale, juu ya ndoo ya mlangoni, hauondoki.