Zamu ya Zannis

"Mizigo ya Sikinos rafu ya pili, mama! Songa, songa, watu wanapita!"

Marousa alikuwa amesimama ndani ya tumbo la meli, katikati ya malori na moshi wake, amekumbatia sanduku la bati. Bandari ya Pireo ilikuwa ndiyo kwanza inapambazukiwa, na magoti yake yalishaanza kulalamika. Alitazama rafu za chuma zilizobandikwa majina ya visiwa, akatikisa kichwa.

"Huyu si mzigo," alimwambia baharia.

"Mama, kila kinachobebwa ni mzigo."

"Basi hata wewe ulikuwa mzigo wa mama yako."

Baharia akacheka, akampisha. Marousa akapanda ngazi zote tatu, akipumzika kila baada ya hatua sita, mpaka akapata viti viwili karibu na dirisha. Kimoja akakaa yeye, kingine akaliweka sanduku na kulifunika kwa koti lake. Meli iliponguruma na kuanza kutoka, aliegemeza kichwa kwenye kioo akitamani usingizi. Haukuja. Usingizi ulishamsusa miaka mingi.

Mwanamke mnene mwenye mfuko wa vitumbua vya jibini alikuwa anazunguka akitafuta pa kukaa.

"Dada, hapo pana mtu?"

"Pana."

Mwanamke akaketi kiti cha ng'ambo, akajitambulisha bila kuulizwa. Aliitwa Argyro, anarudi kwake Milos kutoka kwa daktari wa macho. Walipofika karibu na Paros alikuwa amekula vitumbua vinne na uvumilivu umemwisha.

"Huyo mtu wako mbona harudi? Na mbona kunanukia divai hapa? Usije ukawa umebeba divai nzuri unatunyima."

"Ni mama yangu," Marousa alisema.

Argyro akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Marousa alidhani atahama. Hakuhama. Alisogea karibu na kuuliza lile ambalo wenye adabu huuliza mifupa ya marehemu inapofukuliwa.

"Ametoka vizuri?"

"Safi. Manjano kama mshumaa wa kanisani."

"Mungu amrehemu. Basi roho yake imetulia. Na mifupa mliosha wangapi?"

"Niliosha mimi."

"Peke yako? Huna ndugu?"

"Ninaye. Zannis. Yuko Sikinos na mbuzi wake."

Argyro aliguna mguno mmoja mrefu, akampa kitumbua.

Zannis! Marousa alikitafuna kitumbua kama anamtafuna huyo kaka. Miaka kumi na mmoja alimtunza mama yao Kalliopi katika vyumba viwili vya Athene, akitoka kufagia ofisi za watu na kuja kumnyanyua, kumwosha, kumlisha. Akili ya mama ilipoanza kupotea, aliogopa giza, na kila usiku aliita mara tatu, mara nne: "Marousa, maji!" Na kila jioni aliuliza: "Tunakwenda nyumbani lini?" Zannis alipigiwa simu, akajibu atakuja mbuzi wakishazaa. Mama akafa, Zannis akasema meli zimezuiwa na upepo. Miaka mitatu ikapita, ofisi ya makaburi ya jiji ikaleta barua kwamba muda umekwisha, kaburi linatakiwa na mwingine. Zannis akasema, dada, mlete tu, mimi nitawangoja gatini.

Sawa. Marousa alikuwa amemwandalia maneno. Aliyapanga wakati anaosha lile fuvu na vidole kwa divai, uti wa mgongo ukimuuma kwa kuinama. Angeshuka gatini, asimame mbele ya kijiji kizima, amwambie Zannis yeye ni mtu wa namna gani. Ndicho kitu pekee alichokuwa anakitamani duniani, hicho na kumlaza mama kando ya baba, kule kisiwani kwao.

Walipoiacha Ios, meli ilianza kuyumba. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka, na kila mtu wa visiwa vile anajua upepo huo unaifanya nini bandari ya Sikinos. Kipaza sauti kikakohoa: nahodha atajaribu kufunga gati, ila abiria wa Sikinos hawataruhusiwa kushuka.

Marousa akabeba sanduku, akashuka ngazi zote tatu huku akijigonga ukutani. Mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa umeteremshwa. Ulishuka ukakwaruza gati, ukapanda tena mawimbi yalipoinuka. Baharia yuleyule alikuwa anawarushia watu wa upande wa pili vifurushi vya dawa na magunia ya barua.

"Mizigo tu, mama! Rudi nyuma! Utavunjika miguu!"

"Kesho je?"

"Kesho upepo huuhuu. Labda Jumapili. Labda Jumatano. Utalala Milos."

Kule gatini, nyuma ya kasisi aliyeshika kofia yake isipeperuke, alimwona Zannis. Alikuwa amezeeka. Amevaa suti ya harusi yake, imembana, na maji ya chumvi yameilowesha mpaka kifuani.

Jumatano. Siku tano nyingine za kumbeba, kumfunika, kumtafutia kiti. Maneno yote ya miaka mitatu yalikuwa yamemkaa kooni, na mbele yake palikuwa na hatua nne za maji. Marousa alilisogeza sanduku mbele.

"Mchukue," alimwambia baharia.

"Si ulisema si mzigo?"

"Nimechoka, mwanangu. Mchukue."

Baharia alilitazama sanduku, akaona picha ndogo ya bibi kizee iliyobandikwa juu yake. Akavua kofia.

"Jina lake?"

"Kalliopi."

Hakumrusha. Alimkumbatia kwa mikono miwili, akangoja wimbi lishuke, akaenda mpaka ukingo wa chuma. "Wewe wa suti!" alipiga kelele. "Kalliopi anakuja! Mpokee vizuri!"

Zannis alimpokea. Akayumba, akarudi nyuma hatua mbili, akalibana sanduku kifuani. Kisha akainua uso, na mdomo wake ulikuwa umepinda kama wa mtoto anayetaka kulia.

"Marousa! Mbona mwepesi hivi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa yale maneno. Meli ilishaanza kunguruma na mlango unapanda. Marousa alijaza pumzi.

"Usimwache gizani!" alipaza sauti. "Anaogopa! Mwashie taa, na umkalie karibu! Leo zamu yako, Zannis!"

Hakujua kama amesikia. Alimwona tu akilivua lile koti la suti na kulifunika sanduku nalo.

Argyro alimkuta ngazini, akamshika mkono mpaka kwenye viti. "Kwangu kuna kitanda," alisema, "na sitaki kusikia hapana." Marousa hakusema hapana. Alivua viatu, akainyoosha miguu juu ya kile kiti cha pili, ambacho bado kilinukia divai. Alilala mpaka Milos, na hakuna aliyemwamsha kuomba maji.